Kocha Anayeitwa Moto Ukishawaka

Orodha ya makocha waliowahi kuifundisha Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, ni ndefu kiasi cha kutia aibu. Ipitie uone: Wajerumani, Wafaransa, Mnigeria, Mskoti, Mbelgiji, Mturuki, na sasa Benni McCarthy wa Afrika Kusini. Katikati yao wamo Wakenya ambao majina yao hutokeza, yakapotea, kisha yakatokeza tena baada ya miaka. Mmoja wa hao ni Twahir Muhiddin, kocha wa Mombasa, ambaye jina lake limefungamana na timu za Pwani, Coast Stars na Bandari. Alikabidhiwa timu ya taifa kati ya 2004 na 2005, akaondoka. Akaitwa tena Novemba 2009, na kabla 2010 haijaisha kiti kilikuwa kimerudi kwa Jacob "Ghost" Mulee. Mara mbili jina lake liliandikwa kwenye mlango wa ofisi ile, na mara zote mbili liliandikwa kwa chaki. Hoja yangu inaanzia kwenye chaki hiyo. Kenya haijampima kocha wake mzalendo kwa kipimo cha haki, kwa sababu mara nyingi mno imemwita moto ukiwa umeshawaka, ikamkabidhi ndoo, kisha ikamlaumu kwa majivu.

Chukua hiyo Novemba 2009. Kenya ilikuwa katika kundi la mwisho la kufuzu Kombe la Dunia la Afrika Kusini pamoja na Nigeria, Tunisia na Msumbiji. Mjerumani Antoine Hey ndiye aliyekuwa kocha tangu mwanzoni mwa mwaka, na ushindi wa pekee katika kundi hilo ulikuwa ule wa mabao 2-1 dhidi ya Msumbiji, Nairobi. Ilipobaki mechi moja tu, ya nyumbani dhidi ya Nigeria, Hey aliondoka nchini, na shirikisho likamfuta kazi. Benchi likakabidhiwa Muhiddin. Anayeijua kazi ya ukocha anajua siku chache kama hizo zinatosha kwa lipi: mazoezi mepesi mawili matatu, kikao cha kutazama mechi za mpinzani, mazungumzo ya faragha na nahodha, basi. Mfumo wa uchezaji haubadilishwi kwa muda huo. Mchezaji ambaye barua ya kumwita haikutumwa kwa klabu yake Ulaya hawezi kutokea. Kocha anapokea kikosi alichochagua mwingine, na mazoezi ya viungo aliyoyapanga mwingine, na wachezaji ambao wamejua kwamba aliyewachagua amewaacha mlangoni.

Tarehe 14 Novemba timu hiyo ikaingia uwanjani. Nigeria ilihitaji kushinda ili iwe na matumaini ya kwenda Afrika Kusini. Dennis Oliech akafunga, na timu zikaenda mapumziko Kenya ikiongoza 1-0. Kipindi cha pili Obafemi Martins akasawazisha, Yakubu Aiyegbeni akaongeza la pili mara moja baada yake, Allan Wanga akarudisha ikawa 2-2, kisha Martins akamaliza kazi dakika za lala salama. Ikawa 3-2. Siku hiyohiyo Tunisia ilichapwa na Msumbiji, Nigeria ikapata tiketi. Kitabu cha rekodi kinamwandikia Muhiddin kipigo cha nyumbani, na Kenya mkia wa kundi kwa pointi 3. Mimi nikiusoma ukurasa huo naona timu iliyotelekezwa na kocha wake ikiwatoa jasho Martins na Yakubu mpaka mwisho wa mchezo, chini ya mtu ambaye hata jalada la kazi hakuwa amemaliza kulifungua.

Na ili ubaya wa jambo hili uonekane wote, rudi nyuma miezi michache. Mwaka 2008 timu hiyohiyo ilikuwa mikononi mwa Mkenya, Francis Kimanzi. Aliivusha kutoka kundi lenye Guinea, Zimbabwe na Namibia, na Desemba mwaka huo Harambee Stars ilishika nafasi ya 68 katika orodha ya FIFA, nafasi ya juu kuliko zote ambazo nchi hii imewahi kufikia. Mwanzoni mwa 2009 Kimanzi akawa ameondolewa na Hey ameletwa. Kwa hivyo mzalendo aliyejenga alitolewa, mgeni akaja, nyumba ikaanza kuvuja, mgeni akaondoka, mzalendo wa pili akaitwa kushika ndoo. Aliyetoka na nafasi ya 68 na aliyeingia siku chache kabla ya kuivaa Nigeria wote wawili huwekwa kwenye kapu moja, likaandikwa juu yake "makocha wetu hawawezi".

Inafaa kueleza hapa kwa nini namtazama mtu wa Mombasa hasa. Soka ya kisiwa hiki ina ukoo wake. Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa ligi ya taifa mwaka 1965, ligi yenyewe ikiwa na umri wa miaka miwili tu. Kulikuwa na Liverpool, ambayo baadaye ikaitwa Mwenge. Ali Kajo na Ahmed Breik ni majina ambayo bado hutajwa barazani bila kuhitaji maelezo, dele la kahawa likiwa juu ya makaa na vikombe vikizunguka. Bandari, timu ya watu wa bandarini inayochezea Mbaraki, ilitwaa kombe la Shield mwaka 2015 na tena 2019. Na chini ya klabu zote hizo upo mchezo wa vichochoroni. Tazama watoto wa Kibokoni au Mlango wa Papa alasiri: njia nyembamba, ukuta wa mawe ya matumbawe upande huu na ukuta upande ule, mabaraza ya saruji yametokeza, na madirisha ya watu juu. Mpira hauruhusiwi kupaa, kwa sababu ukipaa utavunja kioo au utaingia roshanini mwa bibi ambaye hatauachilia. Kwa hivyo unachezwa chini, kwa kugusa mara moja, na ukuta unatumika kama mchezaji wa timu yako. Ila ukuta wa matumbawe una mashimo na vinundu, mpira ukiugonga hurudi kombo, na mtoto hana budi kuuweka sawa kwa mguso mmoja kabla mwenzake hajafika. Ustadi huo hauandikwi kwenye vitabu vya leseni. Kocha aliyekulia katika soka hii anautambua kwa mchezaji kwa kumtazama dakika tano.

Kuna mambo mengine ambayo kocha wa hapa anayajua bila kufundishwa. Anajua kwamba mwezi wa Ramadhani mazoezi ya saa tisa alasiri ni kumwumiza kijana aliyefunga, na kwamba kikosi hichohicho kinaweza kufanya kazi nzuri baada ya futari na tarawehe, wakati ambapo viwanja vya mtaani vimejaa mashindano ya usiku. Anajua unyevu wa Pwani unamchosha namna gani mchezaji aliyetoka nyanda za juu. Anajua kumsemesha kipa aliyefungwa bao la kizembe kwa lugha ambayo kipa huotea ndoto. Sidai kwamba haya yanatosha kushinda mechi. Nadai kwamba ni mtaji, na taifa lenye akili hutumia mtaji wake kabla ya kwenda kukopa.

Wapo watakaosema nimeanza kuimba wimbo wa Pwani, ule wa kulalamika kwamba tumeachwa. Malalamiko yapo na yana misingi: mechi zote za CHAN mwaka 2025 zilizochezwa Kenya zilichezwa Nairobi, na kwa Kombe la Afrika la 2027, ambalo tutaliandaa pamoja na Tanzania na Uganda, vingi vya viwanja vyetu vilivyotajwa ni vya Nairobi pia. Lakini hoja ya kocha ni pana kuliko Pwani. Marshall Mulwa aliipa Kenya Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, na alipewa nafasi ya kufika mwaka wa tatu. Mohammed Kheri aliipeleka timu Algeria kwa Kombe la Afrika la 1990. Mulee aliipeleka Tunisia mwaka 2004, na huko Kenya ikaifunga Burkina Faso 3-0, ushindi wake wa kwanza kabisa katika historia ya mashindano hayo. Wote hao ni Wakenya, na ni mmoja tu kati yao ambaye naweza kusema kwamba nchi ilimwacha avune alichopanda mpaka ghala likajaa.

Mfano unaonigusa zaidi hata hivyo hautoki Kenya. Desemba 2017 fainali ya CECAFA ilichezwa Machakos, Kenya dhidi ya Zanzibar. Benchi la Kenya alikaa Paul Put, Mbelgiji aliyeajiriwa mwezi mmoja kabla. Benchi la Zanzibar alikaa Hemed Suleiman, anayeitwa Morocco, Mzanzibari. Kisiwa kilikuwa kimeshaitoa Uganda katika nusu fainali, na kilikuwa kimeifunga Tanzania Bara kwenye makundi. Fainali ikaisha 2-2, na Kenya ikashinda kwa penalti baada ya Patrick Matasi kufanya maajabu langoni. Sasa angalia yaliyofuata. Put alipokea medali, na Februari 2018 akajiuzulu; miezi mitatu, kombe moja, kwaheri. Hemed Suleiman alibaki kazini katika soka ya nchi yake, akapanda ngazi mpaka benchi la Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania. Januari 2024, katikati ya Kombe la Afrika kule Ivory Coast, kocha mkuu Adel Amrouche alipofungiwa na CAF, Hemed alikabidhiwa timu kama vile Muhiddin alivyokabidhiwa yake. Ilitoka sare na Zambia na Kongo. Tofauti ikaja hapo: Tanzania ilimwacha aendelee. Tarehe 19 Novemba 2024 Taifa Stars iliifunga Guinea 1-0 Dar es Salaam kwa bao la Simon Msuva na kufuzu Kombe la Afrika la 2025. Agosti 2025 akaifikisha robo fainali ya CHAN. Kaimu aliyepewa miezi ishirini badala ya siku kadhaa aligeuka kuwa kocha.

Anayepinga atanishika papo hapo, na ana haki. Novemba 2025, mwezi mmoja hivi kabla ya mashindano aliyoyafuzu, Hemed aliondolewa na timu akapewa Miguel Gamondi, Muargentina. Na Gamondi akaifikisha Tanzania hatua ya kumi na sita bora kwa mara ya kwanza, ikatolewa na wenyeji Morocco kwa bao moja. Sitalikwepa jambo hili. Kamari ile ililipa. Lakini Gamondi hakushuka kutoka kwenye ndege akiwa na mkoba na orodha ya majina: alikuwa ameifundisha Yanga, yuko Singida Black Stars, ligi na wachezaji anawajua. Na timu aliyoichukua ilikuwa tayari imefuzu, ina mfumo, ina mazoea ya kuzuia vizuri. Mafanikio yake yanaithibitisha nusu ya hoja yangu, kwamba ujuzi wa mahali ni silaha hata mikononi mwa mgeni. Nusu ya pili, ya kama Hemed naye angefika huko, tumejinyima jibu lake, na hilo ndilo linaloniuma: kila mara tunafika karibu na jaribio la kweli tunalikatiza.

Pingamizi la pili ni la McCarthy. Agosti 2025, katika CHAN, vijana wake waliifunga Kongo, wakaifunga Zambia, wakaifunga Morocco 1-0 kwa bao la Ryan Ogam na kumaliza mechi wakiwa wachezaji kumi uwanjani, na Morocco hao ndio waliokuja kulitwaa kombe. Nchi nzima ilifurahi, na Mji wa Kale wa hapa Mombasa haukulala usiku ule pia. Waliosema mgeni anajua kazi walipata nguvu. Mimi naona ushahidi mwingine ndani ya ushahidi huo. CHAN ni mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani peke yake. Maana yake, wengi wa waliomvua nguo bingwa wa baadaye walifinyangwa na makocha wa Kenya katika klabu na shule za Kenya, kwa mishahara ya Kenya, mingine ikichelewa. McCarthy aliwapanga vizuri na anastahili sifa yake kamili. Alipewa kambi. Rais William Ruto aliahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa kila ushindi. Alipewa nchi iliyokuwa nyuma yake. Sijui kocha yeyote wa Mombasa aliyewahi kukabidhiwa timu ya taifa ikiwa imevikwa hivyo.

Pingamizi la tatu husemwa kwa sauti ya chini: kwamba mzalendo ana ukoo, ana klabu, ana marafiki, atachagua wa kwao. Hofu hii haitokani na hewa. Soka yetu ilizaliwa kwenye vyama vya kikabila na bado kuna watu wanaohesabu majina ya kikosi kwa jicho la nyumbani. Lakini mgeni naye si malaika asiyekula wala kunywa. Hufika akiwa hamjui hata mmoja, kwa hivyo majina ya kwanza hunong'onezwa na maafisa na mawakala wa wachezaji, na anayenong'ona ana ukoo pia. Isitoshe, ikiwa tunachotafuta ni mtu ambaye hana upande katika uhasama wa Gor Mahia na AFC Leopards, basi kocha aliyekulia katika soka ya Mombasa ndiye tungemtafuta kwanza. Ni ajabu kwamba sifa hiyo haijawahi kuhesabiwa kuwa sifa.

Suala la leseni nalo ni halali, na jibu lake ni fupi: wapelekwe wakasome. Gharama ya kumsomesha kocha hadi daraja la juu la CAF ni ndogo ukiilinganisha na tulizokwisha kupoteza. Amrouche huyuhuyu aliyefungiwa akiwa na Tanzania ndiye aliyekuwa kocha wetu mwaka 2013 na 2014, tukamfuta, akashtaki, na shirikisho likaamriwa limlipe zaidi ya shilingi milioni 100. Kumbuka pia Bernard Lama, kipa wa zamani wa Ufaransa, aliyekuja 2006 na kuondoka kabla hajazoea foleni za Nairobi. Kumbuka Henri Michel, aliyewahi kuifikisha Ufaransa nusu fainali ya Kombe la Dunia la 1986. Alikuja 2012, na mwaka haukuisha akawa ameondoka. Hawa hawakuwa makocha wabaya. Waliingia kwenye nyumba isiyo na nguzo, na kwa kuwa walikuwa na mkataba ulioandikwa na wakili, walitoka na fidia au na jina lao likiwa safi. Mzalendo hutoka na lawama, na mara nyingine anaendelea kudai mshahara kimyakimya kwa sababu anajua watamhitaji tena.

Engin Firat, kwa upande wake, alikaa tangu Septemba 2021 hadi Desemba 2024. Sehemu ya muda huo nchi ilikuwa imefungiwa na FIFA, kwa hivyo si haki kumbebesha kila kitu. Lakini alivumiliwa miaka mitatu na zaidi, na Kombe la Afrika hakufuzu. Ninapouliza kwa nini uvumilivu wa aina hiyo haujawahi kumfikia Muhiddin, siulizi kwa ajili yake peke yake. Naulizia kijana wa miaka thelathini na mitano anayefundisha timu ya daraja la chini katika uwanja wa Bomu hapa Mombasa, mwenye filimbi, koni sita na mipira minne, anayetazama ngazi iliyo mbele yake na kuona kwamba kipago cha juu kabisa kina maandishi ya "kaimu".

Kwa hivyo ninachokitaka kinaweza kuandikwa kwenye karatasi moja. McCarthy aachwe amalize kazi yake hadi 2027. Kumtoa sasa kungekuwa kurudia dhambi ileile kwa mtu mwingine. Wakati huohuo, shirikisho limwajiri kocha Mkenya awe msaidizi wake wa kwanza kwa mkataba ambao tarehe yake ya mwisho inapita ya bosi wake kwa miaka miwili, ili siku mgeni akiondoka, kwa heri au kwa shari, pawe na mtu anayejua kila faili na kila goti linalouma. Mshahara wake ulipwe siku ileile ya mwezi anayolipwa McCarthy. Kila tarehe ya FIFA ya mechi za kirafiki ahudhurie na aandike ripoti inayosomwa. Na ikiwa siku hiyo simu itapigwa tena Mombasa, ipigwe mwezi Januari, kundi la kufuzu likiwa halijapangwa bado.